Kifaurongo Chumbani kwa Maalim

Inasimuliwa kwamba mcha Mungu mmoja wa zamani, Maalim Nasibu, mtu wa swala na saumu, alijilaza kitandani siku moja akajitia homa. Ndugu zangu, hakuwa na homa wala mafua! Kadhi alikuwa amemwita atoe ushahidi. Shamba la mjane Bi Rukia lilikuwa limeporwa na tajiri Mwinyi Sudi, na shahidi aliyebaki hai ni Maalim peke yake. Lakini tajiri huyo ndiye aliyekuwa akiilisha madrasa ya Maalim. Maalim akaona heri augue mpaka hukumu ipite.

Alisahau kwamba mgonjwa hutembelewa. Na wa kwanza kupiga hodi alikuwa nani? Bi Rukia mwenyewe, na bakuli la uji.

"Pole, Maalim. Mola akuafu."

"Ahsante, mama," akajibu, macho ukutani.

Mke wa Maalim akamtandikia mgeni jamvi, mlango wa uani ukiwa wazi. Mdudu mweusi akapita kando ya jamvi. Bi Rukia alipomgusa, akakunja miguu, kimya. Huko nje dundu alikuwa akiviringisha donge lake la mavi ya ng'ombe. Likamponyoka, akapinduka, akainuka akalifuata.

Mjane akacheka, masikini, kwa mara ya kwanza tangu afiwe. "Subhanallah! Yule ananuka, lakini hauachi mzigo wake. Na huyu kifaurongo, msafi, ukimgusa tu kafa!"

"Ana dhambi?" Maalim akauliza polepole.

"Ya nini, Maalim? Yeye kaumbwa hivyo."

Maalim akajifunika shuka usoni, akalia. Kisha akaketi. "Bi Rukia, mimi sikuumbwa hivyo. Nimekufa uongo. Nisamehe, twende kwa kadhi."

"Nilijua," akasema mjane. "Lakini kumtazama mgonjwa ni haki yake, nawe ulikuwa mgonjwa kweli. Kunywa uji kwanza, unapoa."

Maalim akashuhudia, shamba likarudi. Tajiri akakata chakula cha madrasa siku ile ile, na wanafunzi wakala muhogo wa Bi Rukia.

Basi, wapenzi, tukiitwa kusema kweli, tusikunje miguu. Mola atupe nguvu ya kuusukuma mzigo wetu, hata ukinuka.