Kijungu Chenye Pengo

Nyinyi mnaocheka mama anapomwita jibaba zima "kitoto changu", tulieni niwaeleze jambo hilo lilikoanzia.

Zamani hizo, huku kwetu milimani, mtoto hakuitwa kwa neno dogo. Jioni chakula kikiiva, kila mama alisimama mlangoni akamwita wake kwa sifa: Jabali langu! Ndovu wangu! Simba wa ukoo! Aliyeita kwa sifa kubwa kuliko wote ndiye aliyeonekana kupenda, na kina mama walishindana kweli kweli mpaka koo zikawakauka.

Tatizo lilikuwa zimwi la korongoni. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio hayakuwa na mfano. Lilisikiliza wito wa jioni, likachagua sifa iliyonona, kisha likamvizia mwenyewe njiani. Watu walilijua hilo, ila nani angekubali kusemwa kuwa hampendi mwanawe? Hivyo ndivyo Nakiete mfinyanzi alivyompoteza Jabali wake, akalia mpaka macho yakavimba.

Alipomzaa Nanzia, aliapa kutomwita kamwe. Jioni alimfuata mwenyewe uwanjani, akamshika mkono kimyakimya. Mama mkwe wake akanuna. "Mwana huyu umemwokota?" Nanzia aliyasikia maneno hayo, yakamchoma. Basi jioni moja, wenzake walipoitwa na kuondoka, yeye alijificha vichakani.

Nakiete alimtafuta asimwone. Huko juu mawe yalikuwa yakiporomoka, zimwi linashuka. Akinyamaza, mtoto atabaki nje. Akimsifu, atakuwa amemkabidhi. Akapaza sauti:

"Kijungu changu! Kijungu changu chenye pengo, njoo nyumbani!"

Zimwi likaguna. Cha nini chungu kibovu? Likarudi korongoni na njaa yake.

Nanzia akachomoka kichakani mbio, akamrukia mama yake kifuani.

"Ulijuaje kwamba unaitwa wewe?" bibi yake akamuuliza.

"Kile kijungu ndicho anachonipikia uji tangu nikiwa mchanga, Bibi. Kimemeguka mdomo, na bado hataki mtu mwingine akioshe."

Kesho yake jioni, bibi ndiye aliyesimama mlangoni akaita: "Kijungu!"

Na tangu siku hiyo, ampendaye mtu humwita kwa kilicho kidogo, hata kama ana ndevu. Siku mama yako akikuita kwa jina lako zima, polepole, jiulize umevunja nini.