Mfereji wa Bi Kware

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na mvua!
— Mvua gani?
— Ya masika, isiyobisha hodi!

Haya, sogeeni basi. Na wewe unayesinzia, amka, maana mimi sirudii.

Hapo zamani ndege walijijengea banda kwa kumwogopa Mwewe. Lilikuwa banda la fito, wazi pande zote ili upepo upite, na paa la makuti. Wenye kuruka walikaa juu vijitini. Wenye kutembea walikaa chini. Na huko chini alikuwa peke yake Bi Kware, kadege kadogo ka rangi ya udongo, na mayai yake saba.

Masika ikaingia. Mvua ikanyesha, twa, twa, twa! Maji ya paa yakadondoka kandokando ya banda, yakatambaa ndani, sakafu ikawa tope. Mwaka uliopita Bi Kware alitaga mayai matano, na yote yakaozea kwenye tope hilo hilo. Safari hii aliyalalia saba huku tumbo limelowa, anamwomba Mungu.

"Jamani," akawaita wa juu, "tuchimbe mfereji. Sakafu inaoza!"

Chiriku akachungulia. "Sakafu ya nani, shoga? Mimi sijakanyaga chini tangu Idi." Wenzake wakacheka, kwi kwi kwi!

Na kama hilo halitoshi, palikuwa na balaa la pili, jina lake Ngiri. Kila asubuhi alikuja, nfu, nfu, nfu! "Pisha, kadude wewe!" Anaingiza pua chini ya fito, anafagia mtama wa Bi Kware mpaka punje ya mwisho. Siku nyingi Bi Kware aliyatazama yale meno makubwa kwa hofu. Siku moja akayatazama kwa tamaa. Akaona majembe mawili yanakuja bure kila asubuhi.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Pisha."

"Napisha, Bwana. Ila naona aibu. Mwili wote huo, ule punje za mtama? Wewe ni mtu wa viazi vikuu."

Pua ikasimama. "Viko wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Tone la paa linapotua, chini yake pana kiazi. Ila udongo utupe huku ndani, usije ukavifukia tena."

Ngiri akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Akachimba upande wa mbele wote, hola. "Bi Kware, mbona sivioni?"

"Chimba mbele kidogo, Bwana. Vimekusikia, vimesogea."

Siku ya pili akachimba kushoto na kulia. Kwaru, kwaru, kwaru! "Bi Kware, mbona sivioni?"

"Chimba mbele kidogo, Bwana. Vimekusikia, vimesogea."

Siku ya tatu akamaliza upande wa nyuma. Mfereji ukalizunguka banda zima, na sakafu ikainuka shubiri nzima kwa udongo aliotupa ndani. Bi Kware akatandaza majani makavu juu yake. Lakini mfereji ulikuwa umejaa pomoni, maji hayana pa kwenda. Mvua moja tu, yangerudi yote ndani.

"Bi Kware!" Ngiri alikuwa amekasirika sasa. "Viazi viko wapi?"

"Vimetoroka, Bwana. Viazi vya masika hufuata mteremko. Na wewe ufuate."

Mteremko ule ulishuka mpaka kichakani. Na kichakani, kila mtu alijua, ndiko kulikokuwa na shimo la Ngiri, na mkewe, na watoto wao watatu. Bi Kware aliona. Tusimsingizie wema, aliona. Mdomo ukafunguka aseme, "Basi, Bwana, pinda kushoto." Papo hapo, chini ya tumbo lake, ndani ya yai, kitu kikalia: ti, ti. Mdomo ukafungwa.

Jioni Ngiri akapita, tope mpaka masikioni, anacheka. "Kiazi sijapata! Ila nimechimba mpaka karibu na mlangoni kwangu. Afadhali, njia ya kurudi imekuwa fupi."

Kesho yake mchana mvua ikaja, na hiyo haikuwa ya twa twa. Maji ya paa yakaanguka mferejini, yakazunguka banda, yakashika mteremko, churururu! Sakafu ikabaki kavu. Mayai yakapasuka, moja baada ya jingine, yote saba. Hata Chiriku akashuka kutazama, akasema, "Kumbe chini pazuri hivi!"

Bi Kware aliwafunika wanawe kwa mbawa, akainamisha kichwa, kwa sababu alikuwa akiyasikia maji yanakokwenda.

Siku ya pili yake Ngiri akaja. Hakukuwa na nfu nfu. Alisimama nje ya fito, na nyuma yake, mbali kidogo, alisimama mkewe na watoto. Bi Kware akawahesabu. Wawili.

"Maji yameingia kwangu, Bi Kware. Yule mdogo hatukumwahi."

"Pole, Bwana Ngiri. Pole sana."

"Sijui yametokea wapi. Miaka yote hayaji. Wewe una akili, nimekuja unifundishe. Umefanyaje, hata kwako pakavu?"

Bi Kware akausukuma mtama wake wote mpaka ukingoni mwa fito. "Kula kwanza, Bwana."

Ngiri akautazama ule mtama. Akaurudisha ndani kwa pua, taratibu, bila kuacha hata punje moja.

"Waachie watoto," akasema. "Wanakua hao." Akageuka, akawafuata mkewe na wanawe, na wote wakashuka kwa kuufuata mfereji.

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo njema chukueni nyinyi, iliyo mbaya niachieni mwenyewe. Na funzo lake, wanangu, ni jepesi: ukitaka sakafu yako ikae kavu, chimba mfereji mzuri, wala usiulize maji yanakwenda kwa nani.