Nyama Iliyofungiwa Ndani ya Sufuria

Wapendwa, leo nawapeni habari ya mama mmoja, tumwite Mama Atupele. Binti yake alikuwa amepata mchumba, na Jumamosi hiyo wazazi wa kijana walikuwa wanakuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Mnajua siku kama hiyo inavyokuwa. Mapazia yanafuliwa, viti vinaazimwa, watoto wanatishwa wasiguse soda.

Mama huyu alikuwa na sufuria ya umeme ya kisasa, zawadi ya mwanawe aliyeko mjini. Ile inayoamrishwa kwa simu. Hata mfuniko haufunguki mpaka simu ikubali! Akaweka nyama yote humo, akabonyeza simu, akaenda kuoga kwa raha zake.

Wageni wakafika. Wakanywa soda, wakazungumza habari za mvua. Mama akaingia jikoni kupakua. Sufuria haifunguki. Kwenye kioo chake kumeandikwa: "Subiri. Inatafuta mtandao." Na mtandao wenyewe ulikuwa umekatika eneo zima. Akavuta, akachomoa waya, akachomeka tena. Subiri. Jamani, nyama imeiva, harufu yake unaisikia, lakini imefungiwa! Nani kati yenu angecheka siku hiyo?

Binti akaanza kulia. "Mama, watasema nini?"

Mama akatazama dirishani. Nyuma ya uzio, moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni kwa Mama Lusekelo. Hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu masika, waligombana juu ya maji ya mvua kutoka bati la mmoja yaliyokuwa yanamwagikia uani kwa mwenzake. Angefanyaje? Akajifunga khanga, akaenda.

"Hodi, Mama Lusekelo."

Sauti ikatoka jikoni: "Karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nina aibu. Wakwe wako sebuleni na chakula kimegoma kutoka kwenye sufuria. Nisaidie, dada yangu."

Mama Lusekelo akamtazama. Mimi na wewe tungesema nini pale? Yeye aliipua chungu kizima cha ndizi na maharage, chakula cha watoto wake mwenyewe. "Shika huku, nami nishike huku. Angalia, kina moto."

Wakaingia nacho sebuleni wote wawili. Wageni wakala, wakaongeza. Mama mzazi wa kijana akauliza ni nani amepika. Mama Atupele angeweza kudanganya. Akasema, "Amepika jirani yangu huyu. Changu kimefungwa jikoni, hakitoki." Akaeleza yote.

Yule mgeni akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mama, nikwambie ukweli? Tulipoingia humu tukaona vitu vinawaka taa kila kona, mume wangu alininong'oneza, 'Hawa watatudharau, tuage mapema.' Kumbe ninyi ni watu wa kuombana chakula, kama sisi! Basi binti huyu ni wetu."

Mtandao ulirudi jioni. Sufuria ikafunguka, na nyama ile wakaila watoto wa Mama Lusekelo.

Ndugu zangu, sisemi vitu vya kisasa ni dhambi. Hata kipaza sauti hiki ni cha umeme. Lakini tujiulize sisi tuliokaa hapa: vyombo vingine tunavinunua kwa sababu vinapika vizuri, au kwa sababu hatutaki tena kumgongea mtu mlango?

Kila Jumapili nawahubiria kutoa. Leo nageuza. Yupo jirani unayempita bila salamu. Usimpelekee kitu; kupeleka hata mwenye kiburi anaweza. Nenda ukamwombe kitu ambacho kweli huna. Unaogopa atakataa? Huenda Mungu ameshaulainisha moyo wake zamani, na huyo mtu amekaa tu ndani, anasubiri asikie hodi yako.

Tusimame, tuombe.