Mapangaboi Sitini na Likizo Moja

Hapo zamani. Haya, itikieni basi, mbona mmepoa hivyo? Hapo zamani, na si zamani ile ya masultani na majini, palikuwa na kisiwa kiitwacho Shungi, na mbele ya kisiwa hicho, baharini, yalisimama mapangaboi sitini. Mapangaboi ni jina tuliloyapa sisi. Wenyewe waliyaita mitambo ya umeme wa upepo. Marefu hayo, ukiyatazama shingo inauma, na kila moja lina mbawa tatu zinazunguka mchana kutwa na usiku kucha. Umeme wote wa mjini ulitoka huko. Siyalaumu mapangaboi. Kabla yake tulikuwa tunalala na vibatari siku nne kwa wiki.

Mimi naitwa Bi Saumu, mpika chai wa uwanja wa ndege wa Shungi. Miguu inaniuma, kwa hiyo nitasimulia nikiwa nimekaa, na atakayenikatiza ataimalizia yeye.

Shida ilikuwa rada. Kazi ya rada ni kuona kinachokwenda. Nyumba haiijali, mnazi haiujali, kilichosimama inakiacha. Ndege inakwenda, basi inaionyesha kwenye kioo, kidoa. Sasa mbawa za pangaboi nazo zinakwenda. Mapangaboi sitini, vidoa sitini, vinawaka na kuzima, kioo kizima kama sinia la mchele wenye chuya. Ndege ikipita hapo utaijua ipi? Na ndege ina watu ndani, jamani.

Watu watatu ndio walioibeba shida hiyo.

Wa kwanza alikuwa Mzee Hatibu, mkuu wa uwanja. Huyu aliibeba kwa vikao. Alivuka maji kwenda bara, akakaa kikaoni. Wenye mapangaboi wakasema, "Hamisheni rada." Watu wa anga wakasema, "Hamisheni mapangaboi." Wakanywa soda, wakaagana. Mwezi uliofuata akavuka tena, wakasema yale yale. Vikao kumi na tisa! Cha kumi na tisa kikazaa mambo mawili. La kwanza, sehemu ya kioo inayotazama mapangaboi ifunikwe, isionyeshe kidoa chochote. Ndege zizunguke kando, na ile itakayolazimika kupita hapo iwe na chombo cha kujitambulisha, maana chombo hicho huijibu rada chenyewe, kifuniko kiwepo kisiwepo. La pili, iwekwe simu nyekundu kutoka mnarani kwetu mpaka huko baharini, ili siku ya shida mtu aseme "simamisha" na mapangaboi yasimame. La kwanza Mzee Hatibu alilikubali shingo upande, ili apewe la pili. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba, viatu havivuliki. Tulivikata kwa kisu.

Alichoka? Semeni. Alichoka.

Wa pili alikuwa Zuwena, mwongoza ndege. Zamu yake ilikuwa ya watu watatu, lakini mmoja alihamishwa, mwingine akaacha kazi, nafasi zao hazikujazwa. Tangu kioo kifunikwe, Zuwena alijiwekea utaratibu wake. Kila ndege aliiandika kwenye kipande cha karatasi: imeingia saa ngapi, inaelekea wapi, inakwenda mwendo gani. Ikiingia penye kifuniko, anaweka kidole kwenye kioo na kukisogeza taratibu, jicho kwenye saa, mpaka ndege itokee upande wa pili. Chombo kinafanya kazi, na kidole kipo vile vile. Hakuna aliyemwagiza. Siku zote, miaka miwili. Ana binti wa miaka minne, analelewa na dada yake huko bara. Kwenye simu mtoto humwita dada mtu "mama," na Zuwena mwenyewe anaitwa "anti." Zuwena alinisimulia huku anacheka. Nilimwona anavyoishika bilauri ya chai, nikaondoka nikalie jikoni.

Alichoka? Alichoka.

Wa tatu alikuwa Faki, fundi wa mapangaboi. Faki alikaa kwenye jukwaa la chuma katikati ya bahari, mapangaboi yamemzunguka yananguruma. Wiki nne huko, wiki moja nyumbani, ndivyo ilivyoandikwa. Wiki nne zikawa saba, zikawa tisa, wa kumpokea haji. Akifika nyumbani hapati usingizi. Anakaa kitandani anamuuliza mkewe, "Mbona kimya?" Mkewe akawa anamwashia feni ili alale.

Alichoka? Mbona sauti zimepungua? Alichoka.

Sasa sikilizeni. Ikawa Jumanne moja, saa tisa alasiri, manyunyu, na wingu limeshuka mpaka majini. Nilikuwa mnarani na birika langu. Rubani Jecha anatoka bara na ndege ndogo ya abiria sita. Akaita redioni, "Dada Zuwena, mvua imenizungusha sana huku, mafuta ya kuzunguka tena sina uhakika nayo. Nipitishe juu ya mapangaboi." Chombo chake kilikuwa kinajibu vizuri. Zuwena alikuwa anaingia saa ya kumi na moja mfululizo kitini. Akapangusa macho, akasema, "Pita, lakini usishuke." Neno hilo liwekeni mahali, tutalihitaji.

Jecha akapita. Akiwa katikati ya kifuniko, umeme wa ndege ukakatika. Injini inakwenda, lakini chombo kimezima na vioo vilivyo mbele yake vyote vyeusi. Amebaki na redio ya mkononi. Kidoa chake kwenye kioo chetu kikapotea.

"Dada, sioni kitu. Sijui naelekea wapi. Nimeshuka kidogo niitafute bahari kwa macho."

"Nimekwambia usishuke!"

"Nimeshashuka."

Yumo ndani ya wingu, na mapangaboi yamo ndani ya wingu hilo hilo.

Zuwena hakupiga kelele. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo tangu ndege ilipoingia. Akatazama karatasi, akatazama saa. "Dakika sita," akasema. "Yupo hapa. Karibu na hapa." Akabonyeza, kifuniko kikaondoka, na mchele wote ukarudi. Vidoa sitini na kimoja, na kimoja hicho ni watu saba.

Akanyanyua simu nyekundu. "Faki. Simamisha."

"Yote?"

"Yote!"

Faki akanyamaza. Mjue kwamba mwezi mmoja kabla, Faki aliwahi kusimamisha mapangaboi bila idhini ya wakubwa wake, mji ukazimika, ikagundulika hapakuwa na hatari yoyote. Alipewa barua: ukirudia bila idhini, hata simu nyekundu ikilia, kazi huna. Basi akanyamaza. Nilivuta pumzi nne nikimsubiri. Kabla sijavuta ya tano, nikasikia, "Nasimamisha."

Mbawa hazisimami papo hapo. Zinapungua, zinapungua. Vidoa vikaanza kufa, kimoja kimoja. Pale chini ya kidole cha Zuwena, upana wa ukucha tu pembeni, kikabaki kidoa kimoja kinachokwenda. Kinaelekea kwenye safu ya mwisho, moja kwa moja.

"Jecha, pinda kushoto. Zaidi. Zaidi, kaka! Hapo hapo, nyoosha. Sasa panda."

Abiria mmoja alikuja kuniambia kwamba pangaboi lilipita kulia kwake karibu mno, akasoma namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Arobaini na moja. Mpaka leo akitajiwa namba hiyo anatafuta pa kukaa.

Wakatua. Watu saba, wazima. Mjini hakuna umeme, barafu ya samaki imeyeyuka, watu wamekuja getini kututukana. Hakuna aliyepiga vigelegele. Zuwena alilala pale pale kitini na karatasi mkononi.

Wiki ya pili akaja mkurugenzi kutoka bara, na barua. Faki hakufukuzwa kazi, ashukuriwe Mungu. Barua ilikuwa ya likizo. Miezi mitatu ya kupumzika, na mtu wa kushika nafasi ataletwa. Mtu mmoja. Likizo moja. Ya yule aliyestahili zaidi kwa kuokoa ndege ile. Mahali pa jina paliachwa wazi.

Wakakaa wote watatu, mimi nikamimina chai.

Mzee Hatibu akasema, "Simu nyekundu haikuota kama uyoga. Niliivukia maji mara kumi na tisa. Bila simu, Zuwena angemwita nani? Faki angesimamisha kwa kuambiwa na nani?"

Faki akasema, "Kweli, mzee. Na kile kifuniko, nani alikikubali?"

"Mimi."

"Basi lile shimo alilopotelea Jecha ulilichimba wewe."

"Nililichimba ili nipate simu," Mzee Hatibu akasema, akainama kujikanda mguu.

Zuwena akasema, "Simu ingelia mpaka kesho. Bila kidole hiki tungekuwa bado tunatafuta kidoa wakati ndege imeshagonga nguzo. Utaratibu ule haumo kwenye kitabu chochote. Ni wangu."

Faki akasema, "Ila wewe ndiye uliyempitisha, dada."

"Nilimpitisha. Angezunguka kando, hata umeme ungekatika, asingekuwa na cha kugonga. Saa ya kumi na moja kitini, Faki. Nilimpitisha."

Faki akasema, "Nyinyi mlitoa akili na jasho. Mimi nilitoa mkate wa watoto wangu. Nilijua nafukuzwa, nikasimamisha."

"Ulinyamaza kwanza," Zuwena akasema.

"Nilinyamaza. Nina watoto wanne."

Hakuna aliyepandisha sauti. Hilo ndilo lililoniuma mimi. Watu wenye nguvu zao wangegombana. Hawa walisema maneno yao, wakanywa chai, wakatazama sakafu.

Mkurugenzi akapiga mwayo. Akaitazama saa yake, akaitazama ile karatasi, kisha akanisukumia mimi. "Bi Saumu, wewe umewaona miaka yote. Jaza jina, uitie kwenye boti. Mwisho wake miezi mitatu kuanzia leo." Akaondoka na mwavuli wake.

Mimi! Mpika chai!

Sasa niwaambie ukweli, maana nimewadanganya kidogo niliposema hapo zamani. Barua ninayo. Hii hapa, imo kwenye pindo la kanga, imekunjwa mpaka inataka kukatika. Kila siku naifungua, naandika jina kichwani, nalifuta. Miezi mitatu yenyewe inakwisha kesho, na boti inaondoka saa nne asubuhi.

Faki hajashuka nchi kavu tangu siku ile ya barua. Mkewe ameniambia haiwashi tena ile feni. Mzee Hatibu ameitwa kikao cha ishirini, wanataka kuongeza mapangaboi mengine thelathini, naye atakwenda na makubazi kwa sababu viatu haviingii. Na jana nilimpelekea Zuwena chai. Nikamkuta kidole kiko kwenye kioo, kinasogea taratibu, jicho kwenye saa. Nikamuuliza, "Mwanangu, leo unaisindikiza ndege gani?" Akatazama kioo. Akatazama karatasi. Karatasi ilikuwa tupu. Hapakuwa na ndege yoyote angani.

Tafadhali msiniambie nimpe aliyechoka zaidi. Barua haisemi aliyechoka, inasema aliyestahili. Wala msiniambie likizo ikatwe vipande vitatu, mkurugenzi nilishamwomba, akacheka.

Kalamu hii hapa. Yule aliyeipigania simu akakubali na shimo, au yule aliyelinda kwa kidole akampitisha kwa usingizi, au yule aliyenyamaza pumzi nne kisha akasimamisha?

Mimi nimeshindwa, wenzangu. Je, nani alistahili?