Zimwi Mfadhili wa Igolwa

Haya, mliokwisha kula, tegeni masikio! Mmetega? Basi twende.

Palikuwa na kijiji, Igolwa, chini ya mlima wenye dhahabu. Zimwi likaja likasema, "Nipeni mlima, nami nitawatunza." Wakaliachia mlima.

Likachimba, chemchemi ikakauka. Likaleta mtungi usioisha maji. Watu wakapiga vigelegele. Likachimba, vumbi likawakohoza watoto. Likaleta dawa ya kulamba. Vigelegele tena. Likachimba, mashamba yakatumbukia shimoni. Likaleta kapu lisiloisha unga. Safari hii vigelegele vilikuwa vichache, maana watu hawakujua tena kama washukuru au walie.

Mjane mmoja, Nyamizi, akateka maji ya mtungi, akapiga magoti mbele ya zimwi.

"Mfadhili wetu, umechoka. Kunywa."

Zimwi likarudi nyuma. "Hayo ni yenu. Mimi nakunywa ya kwetu."

"Kwani haya yana nini?"

Zimwi likageuka, likampa kisogo.

Nyamizi akaenda kuketi kwenye mdomo wa shimo, na wanawake wenzake wakamfuata. Zimwi likakosa pa kupita. Likanuna, likabeba mtungi, dawa na kapu, likaenda zake.

"Umetuua kwa kiu!" shemeji yake Nyamizi akamfokea.

"Labda, shemeji," akajibu Nyamizi. "Hata mimi sijui."

Akashika jembe, akaanza kuchimba kisima. Shemeji akasimama pale kitambo, uso kaukunja, hajui aondoke au abaki. Mwishowe akavua shati, akaanza kuchimba naye.

Mimi nimeishia hapo. Aliyeelewa kunizidi na atueleze.