Mkaa Uliozikwa na Njaa

Ndugu zangu, kuna mambo ambayo mashahidi wote wa kisa hiki waliyakubali. Kiwanja cha nyuma ya soko kilikuwa kigumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yalituama juu yake siku nzima. Mama mmoja muuza mboga aliomba akilime, mwenyekiti wa mtaa akampa msimu mmoja tu, kwa sharti kwamba akishindwa kitakuwa maegesho ya magari. Tena wote waliona mchicha wake ukigeuka manjano.

Alikuwa amekusanya magunzi kwa wachoma mahindi, akayachoma ndani ya pipa lililofunikwa, hewa ikiingia kidogo tu, ili yawe mkaa badala ya majivu. Akauponda na kuuchanganya na udongo, kwa kuwa alisikia mkaa huo una vitundu vinavyoshika maji na rutuba. Mimi si mwepesi wa kuamini, kwa hiyo niliuliza wanaojua. Alisikia kweli, ila hakusikia yote.

"Jirani," muuza mitumba alimwita soko zima lisikie, "umepanda mchicha au umezika jiko?"

"Cheka, kaka. Hata mimi ningecheka, kama shamba lisingekuwa langu."

Siku ya ukaguzi rafiki yake alimnong'oneza: "Shoga, sema mbegu zilikuwa mbovu. Nani atakubishia?"

Na kweli, nani angeweza? Pakiti zilishatupwa. Mwenyekiti wa mtaa akauliza, "Haya, mama. Kosa ni la nani?"

"Langu, mwenyekiti. Mkaa ulitakiwa ulowekwe kwenye maji ya samadi majuma matatu, ushibe kwanza. Nilikuwa na haraka, nikauzika na njaa yake, ukala chakula cha mchicha. Tazama tuta lile la mwisho: humo niliweka mkaa uliosahaulika kwenye ndoo ya samadi."

Mchicha wa tuta lile ulikuwa wa kijani kibichi. Mwenyekiti alichomeka fimbo. Ikazama, ikatoka na udongo wenye unyevu. Akampa msimu wa pili, na mvua zilizofuata maji hayakutuama tena, naye akavuna.

Mtasema tuta moja si ushahidi wa kutosha. Nakubali, na mwenyekiti naye alikubali. "Lakini mtu aliyetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe," alisema, "neno lake la pili nitalikataaje?" Namheshimu mama yule kwa mavuno yake, namheshimu zaidi kwa jibu lile.

Na sisi je? Tunaingia katika maisha ya watu tukiwa wakavu. Tunalea bila subira, tunafundisha bila kujifunza, tunafariji wafiwa huku tukitaka sifa. Hatujakaa mbele za Mungu hata juma moja tukashiba. Kisha walio karibu nasi wanapogeuka manjano, tunasemaje? "Watoto wa siku hizi." "Mke huyu." "Waumini hawa." Mbegu, mbegu, mbegu! Ni lini mmoja wetu alisimama akasema, "Langu, mwenyekiti"?

Sitatoa hukumu, kwa maana sijaingia nyumbani mwako. Lakini yupo mmoja mle anayezidi kunyamaza mwaka hadi mwaka. Leo ukifika, keti, umwombe aseme, nawe usimkatize. Akimaliza, toa hukumu wewe mwenyewe: kosa ni la nani?