Bibi Nyamizi na Paa la Nyumba ya Mbegu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliokosa chakula cha jioni? Paukwa tena!

Pakawa!

Naam. Sasa najua mko macho.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha wakulima. Walilima mtama, wakalima uwele, wakalima na kunde. Walikuwa watu wa kula na kucheka. Halafu mvua ikaondoka. Haikuaga. Ikaondoka tu. Mwaka ukaisha, jua kaaa! Mwaka wa pili ukaisha, jua kaaa! Wa tatu ukaingia, jua liko palepale. Mto ukawa njia ya mbuzi. Ng'ombe walipokosa majani ardhini walinyoosha shingo, wakala nyasi za mapaa. Nyumba zikabaki fito tupu.

Na watu hawakuezeka. Kwa nini? Kijiji kile kilikuwa na mwiko wake. Wakati wa ukame, paa haliezekwi. Walisema mvua ikipita juu ikaona nyasi zimepangwa vizuri, itanuna. Itasema, "Kumbe hawa wananikimbia!" Itakwenda kunyesha kwa wengine. Basi kila mtu aliacha paa lake wazi, ili mvua ijue inapendwa. Msicheke. Kila watu wana yao.

Katikati ya kijiji palikuwa na nyumba ya mbegu. Kila kaya iliweka humo chungu chake, na mlinzi wake alikuwa Bibi Nyamizi, mkunga wa kijiji. Alikuwa mjane, mwembamba, ana kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Njaa ilipouma watu walichimba mizizi, wakatafuna ngozi za kukalia. Mbegu hawakuzigusa. Mtu akila mbegu, amekula mwakani.

Siku moja Bibi Nyamizi aliingia mle, akainua macho. Lo! Jua lilikuwa limejaa ndani tele, ungedhani limekaribishwa. Akawaza: mvua ikija ikazikuta mbegu hizi, zitalowa. Zikilowa zitaota humu humu vyunguni, zitaoza. Tutakuwa na mvua, na hatuna cha kupanda.

Lakini nyasi azitoe wapi? Nchi nzima haikuwa na unyasi. Lilibaki paa moja tu ambalo ng'ombe hawakulifikia, kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa juu ya mwamba. Nalo lilikuwa paa lake yeye. Akamwita Kalunde, mke wa mwanawe.

"Kalunde, mwanangu, lete ngazi."

"Tunapanda wapi, mama?"

"Kwangu. Tunaezua."

"Mama! Na wewe utalala wapi?"

"Nitalala wanavyolala wenzangu. Lete ngazi."

Wakaezua, chwa! chwa! Wakabeba, hima! hima! Bibi akapanda juu ya nyumba ya mbegu, Kalunde akawa anamrushia matita kutoka chini. Bibi anafunga, huku anaimba. Nipokeeni:

Mvua njoo! — Njoo!
Mbegu imelala! — Njoo!
Njoo uiamshe! — Njoo!

Walipobakiza tundu moja, upana wake kama ungo, wingu likatokea. Jeusi, zito, wingu la mvua hasa! Watu wakatoka mbio. Vigelegele! Wingu likaja, likaja, likafika juu ya kijiji. Upepo ukavuma, vuuu! Wingu likapita. Likaenda zake nyuma ya vilima.

Macho yote yakageukia paa la nyumba ya mbegu. Na juu ya paa, Bibi Nyamizi na tita lake mkononi.

"Umeifukuza!" Aliyesema ni Mzee Mihayo, mtunza miiko wa kijiji, mtu wa maneno mazito na shingo ngumu. "Bibi, umeifukuza mvua! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na safari hii tutavunjika sote!"

"Mihayo mwanangu," Bibi akajibu kutoka juu, "nilikupokea kwa mikono hii siku ulipozaliwa, ukatoka unapiga kelele. Naona hujanyamaza mpaka leo."

Watu wawili watatu wakataka kucheka, wakajikaza.

"Tunang'oa nyasi hizo!" akanguruma Mihayo.

"Ng'oeni. Tena nitawasaidia. Ila jambo moja: anayetaka tundu, anipe chungu chake cha mbegu nikiweke chini ya tundu lake. Haya, nani wa kwanza?"

Watu wakatazamana. Huyu akakumbuka ana mtoto kamwacha peke yake. Yule mguu ukamuuma ghafla. Hakuna aliyejitokeza.

Mihayo alikuwa na wake wawili na watoto wengi, na mbegu zao zote zilikuwa kwenye chungu kimoja. Lakini angerudije nyuma mbele ya kijiji?

"Changu kiweke!" akasema. "Tundu hilo lililobaki liwe langu. Mvua ikipita ione hata nyumba ya mbegu imeachiwa mahali wazi, ijue bado tunaipenda."

Bibi Nyamizi akateremka. Akakiweka chungu cha Mihayo chini ya tundu, kama alivyoahidi.

Tangu siku hiyo watu walimpita Bibi bila salamu. Yeye aliyewapokea wote! Akawa anakaa kwenye nyumba yake isiyo na paa, jua linamwakia, naye anajiuliza: je, kama wao ndio wenye haki? Je, kama nimeifukuza kweli? Aliogopa. Msidhani wenye hekima hawaogopi. Lakini kila akikumbuka zile mbegu, hofu ilikaa pembeni kidogo. Akauchukua ungo wake, akahamia nyumba ya mbegu, akakaa humo.

Hata asubuhi moja, kuku hawajamaliza kushuka, mbingu zikasema: nguruuu! nguru-nguru!

Watu wakatoka. Hawakupiga vigelegele. Walishadanganywa mara moja.

Ta.

Tone moja likaanguka mavumbini. Kila mtu akalitazama.

Ta... ta... ta-ta-ta... mwaaaaa!

Wee! Mvua ilishuka! Vikongwe walitupa fimbo wakacheza. Watoto ambao hawakuwahi kuiona mvua walilia kwa woga, mama zao wakawarusha juu. Watu walifungua vinywa wakanywa wakiwa wamesimama. Kalunde aligaagaa kwenye tope kama nyati, mwanamke mzima, na hakuna aliyemwambia aone haya.

Mihayo naye alicheza. Akaruka, akazunguka, akainua mikono. Mara akasimama. Mikono ikabaki juu.

"Chungu changu!"

Akakimbia, chopo! chopo! chopo! Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Akausukuma mlango wa nyumba ya mbegu, watu nyuma yake. Vyungu vyote vilikuwa vikavu. Na chini ya lile tundu, maji yakimmiminikia kichwani, alikuwa amekaa Bibi Nyamizi. Amelowa chapachapa. Chungu cha Mihayo kiko mapajani, kimefunikwa na ungo, naye ameuinamia kwa kifua chake. Anatetemeka kwa baridi, na anacheka.

"Bibi," Mihayo akasema. "Nilikutukana."

"Ulinitukana wewe. Mbegu hazikunitukana. Watoto wako nao hawakunitukana."

Mihayo alitoka, akashika ngazi, akapanda. Nyasi hazikuwapo. Basi mtunza miiko akaangalia huku, akaangalia kule, akakaa juu ya tundu. Akaliziba kwa makalio yake!

Maji yakakatika. Ndani Bibi akainua kichwa.

"Mihayo! Na hizi ni nyasi za wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Mihayo mwenyewe alicheka huko juu, mvua ikimpiga. Akakaa pale hadi mvua ilipopungua, akikataa kupokewa zamu.

Kesho yake kila kaya ilichukua chungu chake, kikavu, kimejaa, ikaenda shambani. Majembe yakalia, kwi! kwi! kwi! Na nyasi zilipoota zikarefuka, wa kwanza kuzikata alikuwa Mihayo. Akapanda na ngazi yake kwenye ule mwamba, akaezeka nyumba ya Bibi Nyamizi mpaka mikono yake ikachubuka. Wanawe wakubwa walipotaka kumsaidia, aliwafukuza.

Wanangu, ukimngoja mgeni kwa moyo, tandika jamvi. Usikae njiani ukilia kwamba unampenda. Hadithi yangu imefika mwisho wa shamba, nami natua jembe hapa. Ikiwa tamu, mrithisheni aliyelala.